Alfred Sloan, mjenzi wa ngazi ya bei inayoonekana hata katika magari ya umeme

Mwaka 2016 kampuni ya Tesla ya Marekani iliuza gari la umeme lililoitwa Model S 60. Ndani yake mlikuwa na betri yenye uwezo wa kilowati saa 75, lakini programu ya kompyuta ilimzuia mwenye gari kutumia zaidi ya 60. Aliyetaka sehemu iliyobaki alitakiwa kulipa maelfu ya dola, kisha betri ikafunguliwa kwa njia ya mtandao pasipo fundi yeyote kushika spana.

Watu wengi walistaajabu. Kwa nini kiwanda kigharamie betri nzima, kiifunge ndani ya gari, kisha kimkataze mnunuzi kuitumia yote? Jibu lake limo katika hesabu za viwandani, na hesabu hizo zina historia ndefu. Miongoni mwa waliozijenga, hakuna aliyeacha alama kubwa katika biashara ya magari kuliko Alfred Pritchard Sloan, mtu aliyeiongoza kampuni ya General Motors tangu mwaka 1923 na kufariki dunia mwaka 1966, miongo mingi kabla ya magari kuwa na kompyuta za kuyafunga na kuyafungua.

Mtoto wa mfanyabiashara wa chai na kahawa

Sloan alizaliwa tarehe 23 Mei 1875 katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa jumla wa chai na kahawa. Familia ilihamia Brooklyn, New York, kijana huyo akiwa bado mdogo, na huko ndiko alikosomea kabla ya kujiunga na chuo cha teknolojia cha MIT. Alihitimu uhandisi wa umeme mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka 20 tu.

Ajira yake ya kwanza haikuwa na fahari yoyote. Aliingia kama mchoraji wa ramani za mitambo katika kampuni ndogo ya Hyatt, jimboni New Jersey, iliyotengeneza beringi, yaani vile vyuma vya mviringo vinavyowezesha ekseli na mitambo kuzunguka bila kukwaruzana. Kampuni ilikuwa ikielekea kufa. Mwaka 1898 baba yake pamoja na mshirika wake walitia humo dola 5,000, kwa sharti kwamba kijana apewe miezi sita ya kuonyesha kama biashara ile inaweza kusimama. Miezi ilipokwisha, Hyatt ilikuwa imeanza kupata faida. Mwaka huohuo Sloan alimwoa Irene Jackson, na wawili hao waliishi pamoja hadi kifo cha mkewe mwaka 1956. Hawakujaliwa kupata mtoto.

Bahati ya Hyatt ilikuja na magari. Viwanda vya Detroit vilihitaji beringi kwa maelfu, naye Sloan akawa msafiri wa mara kwa mara kati ya New Jersey na Michigan. Wateja wake walikuwa akina Henry Ford na Henry Leland, mwasisi wa Cadillac. Leland, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alimkemea kijana huyo kwa sababu beringi zake hazikulingana vipimo. Kwa Leland, kipuri cha gari moja kilipaswa kuingia katika gari lingine bila kupigwa tupa. Mwaka 1908 magari matatu ya Cadillac yalifunguliwa yote nchini Uingereza, vipuri vikachanganywa, kisha magari yakaunganishwa upya na kuendeshwa bila hitilafu. Sloan alilishika somo hilo maisha yake yote: kipuri kinacholingana na vingine ndicho msingi wa uzalishaji mkubwa.

Kampuni isiyozijua hesabu zake

Mwaka 1916 William Durant, mwanzilishi wa General Motors, aliinunua Hyatt kwa dola milioni 13.5. Sloan akawa tajiri, na pia akawa mkuu wa United Motors, kampuni iliyokusanya watengenezaji wa vipuri. Miaka miwili baadaye kampuni hiyo ilimezwa na General Motors, naye akaingia katika uongozi wake wa juu.

Alichokikuta huko kilimtia hofu. Durant alikuwa hodari wa kununua kampuni, lakini hakuwa mtu wa madaftari. Kila kitengo kilijiendesha kivyake, kikiagiza malighafi kivyake na kutunza fedha zake benki kivyake. Makao makuu hayakujua ni kitengo kipi kilichoingiza faida na ni kipi kilichoila. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari, na ndivyo ilivyokaribia kutokea. Uchumi wa Marekani ulipodorora mwaka 1920, maghala yalijaa bidhaa zisizouzika, bei ya hisa ikaporomoka, na Durant akaingia madeni makubwa akijaribu kuiokoa kwa fedha zake binafsi. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo aliondoka. Familia ya du Pont na benki ya J.P. Morgan ziliingia kuizuia kampuni isianguke, na Pierre du Pont akawa rais wake.

Sloan, aliyekuwa ameshafikiria kujiuzulu, alikuwa na waraka mkononi. Ulieleza namna ya kuziacha idara ziendeshe kazi zao za kila siku kwa uhuru, huku makao makuu yakishika fedha, sera na vipimo vya utendaji. Waraka huo ulikubaliwa kabla ya mwaka kwisha. Leo mpangilio wa aina hiyo ni jambo la kawaida katika kampuni kubwa duniani, lakini wakati ule ulikuwa mgeni.

Ngazi yenye vipandio sita

Tatizo la pili lilikuwa Henry Ford. Mwaka 1921 magari yake yalikuwa takriban 60 kati ya kila 100 yaliyouzwa Marekani, ilhali General Motors yenye majina mengi iliuza takriban 12. Ford alikuwa na gari moja, Model T, na siri yake ilikuwa hesabu rahisi. Mashine, majengo na mafunzo hugharimu kiasi kilekile, kiwanda kitoe magari 1,000 au magari 100,000. Magari yakizidi, mzigo wa gharama hizo unagawanywa kwa wengi, na kila gari linabeba kidogo. Ndiyo maana Model T iliyouzwa kwa dola 850 mwaka 1908 ilikuwa chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920. Ndiyo maana pia kuanzia mwaka 1914, kwa zaidi ya miaka kumi, ilitoka kwa rangi nyeusi pekee. Kila tofauti ndogo ingeuchelewesha mstari wa kuunganisha magari.

Sloan na wenzake walitambua kwamba hawawezi kumshinda Ford katika mchezo wa Ford. Mwaka 1921 kamati aliyoiongoza ilipanga upya bidhaa zote za kampuni katika madaraja sita ya bei. La chini lilianzia dola 450 hadi 600, na la juu likafikia dola 3,500. Kila daraja lilikuwa na gari lake, na magari ya nyumba moja yasinyang'anyane wateja. Gari liliwekwa karibu na kilele cha bei ya daraja lake na kupewa ubora uliozidi kidogo ule wa washindani. Hivyo mtu aliyekuja kununua gari la bei ya chini angeona kwamba kwa kuongeza fedha kidogo angepata kilicho bora, na yule aliyezoea gari la juu angeona kwamba anaweza kubakiza fedha bila kupoteza mengi.

Chevrolet ikawa kipandio cha kwanza na Cadillac cha mwisho. Katikati zilikuwepo Oakland, Oldsmobile na Buick. Wazo lilikuwa kwamba mtu anunue Chevrolet akiwa kijana, na kadiri kipato chake kinavyokua apande ngazi bila kuiacha kampuni. Mwezi Mei 1923 du Pont alimwachia Sloan kiti cha urais.

Mwaka huohuo ulimpa pia funzo chungu. Charles Kettering, mvumbuzi mashuhuri wa kampuni na mtu aliyelipa gari kiwasho cha umeme, alikuwa amebuni injini iliyopozwa kwa hewa kupitia mapezi ya shaba. Ilitangazwa kabla ya kukomaa. Takriban magari 100 yenye injini hiyo yalikwisha kuwafikia wanunuzi yalipoanza kuleta matatizo, na kampuni ikayaita yote yarudi. Tangu hapo Sloan aliogopa kuuza ahadi ambayo kiwanda hakijaithibitisha.

Gari moja ndani ya jingine

Ngazi ilikuwa na kasoro moja kubwa. Magari sita tofauti yanahitaji injini sita, chesi sita na bodi sita, na kwa namna hiyo ile faida ya wingi aliyoipata Ford inapotea. Jibu la Sloan lilionekana mwaka 1926, ilipozinduliwa Pontiac. Ilikuwa na injini yake ya silinda sita na sura yake, lakini sehemu kubwa ya chesi na bodi yake ilitokana na Chevrolet. Mnunuzi aliona gari jipya la daraja la juu kidogo, ilhali kiwanda kiliona vipuri vilevile vikitengenezwa kwa wingi zaidi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Sloan alionyesha kwamba vitu vinavyofanana kwa ndani vinaweza kuuzwa kwa bei tofauti, mradi mnunuzi aone tofauti anayoithamini. Tofauti hiyo ikaja kwa rangi, kupitia vanishi mpya ya Duco iliyokauka haraka na kuyapamba magari ya Oakland ya modeli ya 1924. Ikaja kwa umbo, kupitia mbunifu Harley Earl, aliyechora LaSalle ya mwaka 1927 na kupewa idara yake ya sanaa na rangi. Ikaja pia kwa mabadiliko ya kila mwaka, yaliyomfanya mwenye gari la mwaka jana ajione amepitwa na wakati.

Fedha nazo zilipangwa. Tangu mwaka 1919 General Motors ilikuwa na kampuni ya kuwakopesha wanunuzi walipe kwa awamu, na wauzaji wake walipokea gari la zamani kama sehemu ya malipo ya jipya. Donaldson Brown, bingwa wa hesabu aliyetoka du Pont, aliwafundisha wakuu kupanga bei kwa kutazama wastani wa kazi ya kiwanda kwa miaka mingi, badala ya kuhangaika na mauzo ya mwezi mmoja.

Ford alikawia kubadilika. Wakati magari yenye bodi iliyofunikwa yalikuwa 10 tu kati ya 100 mwaka 1919, yalifikia 85 mwaka 1927, na Model T ilikuwa nyepesi mno kubeba bodi za namna hiyo vizuri. Mwezi Mei 1927, baada ya magari zaidi ya milioni 15, ilisitishwa. Viwanda vya Ford vilikaa miezi kadhaa vikijiandaa kwa gari jipya, na Chevrolet ikashika nafasi ya kwanza.

Kioo cha usalama

Ngazi ya bei huzaa swali ambalo wahasibu hawawezi kulijibu peke yao: ni kitu gani kinachofaa kuwa cha daraja la juu tu, na ni kipi ambacho kila mnunuzi anastahili kukipata?

Swali hilo lilimfikia Sloan mwaka 1929. Kioo cha usalama, kisichopasuka vipande vyenye makali wakati wa ajali, kilikwisha kuwekwa katika Cadillac na LaSalle. Lammot du Pont, ambaye kampuni yake ilihusika na utengenezaji wa kioo hicho, alimwandikia akihimiza Chevrolet nayo ipewe. Katika barua zilizoendelea hadi mwaka 1932, Sloan alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba gharama ingekula faida, mauzo yasingeongezeka, na kazi yake ilikuwa kulinda fedha za wenye hisa. Aliona kwamba kampuni moja haipaswi kuubeba mzigo ambao washindani wake hawakuubeba. Barua hizo zilipojulikana miaka mingi baadaye, ziligeuka kuwa ushahidi mzito dhidi yake, kwani waliokatwa nyuso na kioo cha kawaida walikuwa wengi katika magari ya bei ya chini.

Suala la petroli yenye madini ya risasi lina uzito uleule. Maabara ya General Motors iligundua mwaka 1921 kwamba kiungo hicho kinazuia injini kugonga, na mwaka 1924 kampuni iliungana na Standard Oil ya New Jersey kukiuza. Mwezi Oktoba mwaka huo wafanyakazi watano walikufa kwa sumu katika kiwanda cha Bayway, New Jersey. Biashara iliendelea. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha mwaka 2021.

Siku 44 za Flint

Sloan alijua kuwasikiliza wakuu wa vitengo na wauzaji wa magari, ambao aliwatembelea mmoja mmoja kwa behewa lake la treni lililogeuzwa kuwa ofisi. Wafanyakazi wa mstarini hakuwasikiliza kwa namna hiyo. Tarehe 30 Desemba 1936, wafanyakazi wa viwanda vya Flint, Michigan, waliacha kazi bila kutoka ndani. Walikaa chini kando ya mashine zao, hivyo kampuni isiweze kuleta watu wengine wala kuwatoa bila kuhatarisha mali yake.

Sloan alikataa kujadiliana mpaka watoke. Gavana wa Michigan, Frank Murphy, alikataa kuwatoa kwa nguvu. Baada ya siku 44, tarehe 11 Februari 1937, General Motors ilikitambua chama cha wafanyakazi wa magari kuwa msemaji wa wanachama wake. Mafanikio ya mfumo wa vipuri vinavyoshirikiwa yalikuwa yamewapa wafanyakazi silaha: viwanda vichache vilivyotengeneza bodi kwa magari mengi vikisimama, kampuni nzima inasimama.

Mwaka huohuo Sloan aliachia urais na kuwa mwenyekiti wa bodi, wadhifa alioushika hadi mwaka 1956. Kampuni ilikuwa imevuka mipaka, ikiimiliki Vauxhall ya Uingereza tangu 1925 na Opel ya Ujerumani tangu 1929, pamoja na kiwanda cha kuunganisha magari mjini Port Elizabeth, Afrika Kusini, kilichoanzishwa 1926. Umiliki wa Opel wakati wa utawala wa Wanazi, ambao jeshi lao lilitumia malori ya Opel, ni doa ambalo wanahistoria wanaendelea kulijadili. Nchini Kenya, General Motors ilifika mwaka 1975 na kuunganisha malori ya Isuzu jijini Nairobi. Mwaka 2017 iliuza hisa zake, na kiwanda hicho kikachukua jina la Isuzu East Africa.

Sehemu kubwa ya utajiri wake Sloan aliitoa. Mfuko wa hisani wenye jina lake ulianzishwa mwaka 1934. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Sloan Kettering ya New York ilifuata mwaka 1945, na shule ya uongozi wa biashara ya MIT nayo ina jina lake. Kitabu chake kuhusu miaka aliyoitumikia General Motors kilicheleweshwa miaka kadhaa na wanasheria wa kampuni, waliohofia kwamba serikali ingekitumia katika kesi ya ukiritimba. Kilitoka mwaka 1964. Alifariki tarehe 17 Februari 1966, akiwa na umri wa miaka 90.

Kutoka chuma hadi programu

Kuuza kitu kilekile kwa bei tofauti hakukuanza na Sloan. Mwaka 1849 mhandisi Mfaransa Jules Dupuit alieleza kwa nini baadhi ya kampuni za reli ziliacha mabehewa ya daraja la tatu bila paa. Paa lilikuwa la gharama ndogo. Kusudi halikuwa kumtesa maskini, bali kumtisha abiria mwenye uwezo wa kulipia daraja la pili asishuke hadi la tatu. Usumbufu wenyewe ndio uliokuwa bidhaa iliyopangwa.

Ngazi ya Sloan ilikaa kati ya njia hizo mbili. Vipandio vyake vingi vilikuwa na chuma ndani yake: silinda za ziada, ngozi bora, bodi nzito zaidi. Aliyelipa zaidi alipata kitu ambacho kiwanda kilikuwa kimekigharamia, hata kama bei ilizidi gharama kwa mbali.

Gari la umeme limebadilisha hesabu hiyo. Betri na kompyuta zake hupungua gharama zinapotengenezwa kwa muundo mmoja. Kutunza betri za aina mbili kunamaanisha majaribio mara mbili, maghala mawili na mstari unaosimama kila aina inapobadilishwa. Kwa hiyo kampuni inaweza kuona ni nafuu kuweka betri kubwa katika kila gari na kuacha programu iamue nani anapata nini. Kwa namna hiyo imepata wingi wa Ford kiwandani na ngazi ya Sloan dukani, kwa wakati mmoja. Kipandio sasa hakina chuma. Ni mistari ya maandishi ya kompyuta, na kukifungua hakumgharimu mtengenezaji karibu chochote.

Mifano imeongezeka. Mwezi Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokaribia Florida, Tesla iliwafungulia kwa muda wamiliki wa eneo hilo uwezo wote wa betri ili wakimbie mbali zaidi. Wengi walishukuru, na wengine wakatambua kwa mara ya kwanza jinsi mtengenezaji anavyoweza kuligusa gari lililokwisha kununuliwa. Mwaka 2022 Mercedes-Benz ilitangaza Marekani malipo ya dola 1,200 kwa mwaka ili baadhi ya magari yake ya umeme yaongeze kasi upesi zaidi. BMW nayo ilijaribu katika baadhi ya nchi kutoza kila mwezi kwa ajili ya viti vyenye joto, ilhali mitambo ya joto ilikuwa tayari ndani ya kiti. Wateja walilalamika, na mwaka 2023 kampuni ikaachana na mpango huo.

Wanaotetea kufuli hizi wana hoja. Wanasema mwenye kipato kidogo anapata gari zuri kwa bei ambayo isingewezekana kama kila mtu angelipa sawa, na akipata fedha baadaye anapanda daraja bila kuuza gari lake. Kwa hesabu hiyo, anayelipia kilowati zote anamsaidia asiyezilipia. Wanaopinga wanajibu kwamba mnunuzi anabeba uzito wa betri nzima kila siku barabarani, na kwamba kitu kilichouzwa hakipaswi kubaki chini ya amri ya aliyekiuza.

Ufunguo mkononi mwa nani

Katika ngazi ya Sloan, gari likishauzwa lilikuwa la mwenye nalo. Angeweza kuliuza kwa jirani pamoja na kila kilichomo, na fundi wa mtaani angeweza kulifungua na kuliongezea nguvu. Soko la magari yaliyotumika, ambalo Sloan aliliingiza katika hesabu zake mapema kuliko wengine, lilisimama juu ya msingi huo.

Msingi huo una maana kubwa Afrika Mashariki, ambako magari mengi hushuka katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, na ambako uhai wao unategemea mafundi na wauza vipuri wa Grogan mjini Nairobi au Kisekka mjini Kampala. Gari la mafuta likifika huko, umri wake na hali ya injini ndivyo vinavyopanga bei. Gari la umeme lenye kufuli litaleta maswali mengine: kama uwezo uliolipiwa na mmiliki wa kwanza unaendelea kwa wa pili, kama kampuni inahudumia nchi lilikofika, na kama fundi anaruhusiwa kuugusa mfumo wake.

Sloan hakuacha majibu ya maswali hayo. Aliloliacha ni mfumo unaomfanya mtengenezaji apime kwa makini ni kiasi gani kila mtu yuko tayari kulipa, pamoja na kumbukumbu ya kioo cha usalama, inayoonyesha hesabu hiyo inavyoweza kukosea inapoachiwa wahasibu peke yao. Mipaka yake haikuwekwa na kampuni. Matumizi ya kioo hicho yalienea katika miaka ya 1930 baada ya majimbo ya Marekani kuanza kutunga sheria za kukilazimisha, na wafanyakazi wa Flint walipata haki yao baada ya kukaa chini siku 44. Wanunuzi wa viti vya BMW nao walipata ushindi mdogo kwa kukataa kulipa.

Ngazi bado imesimama. Kilichobadilika ni kwamba mwenye kiwanda sasa anaweza kuongeza au kuondoa kipandio hata baada ya mteja kukiweka mguu.